Safari za baiskeli za watu wenye ulemavu wa viungo

Safari za baiskeli za watu wenye ulemavu wa viungo ni safari za masafa marefu, za siku kadhaa au hata miezi, ambazo msafiri mwenye ulemavu wa miguu, mikono au uti wa mgongo huzifanya kwa baiskeli iliyotengenezwa au kurekebishwa ilingane na mwili wake. Huhesabiwa kuwa tawi la utalii wa baiskeli, lakini zinahusiana pia na michezo, tiba ya viungo na haki ya watu wenye ulemavu ya kwenda watakako.

Tofauti kubwa kati ya safari hizi na safari nyingine za baiskeli ni moja. Baiskeli inapokwama mchangani au kushindwa mlima, mwendeshaji wa kawaida hushuka akaisukuma. Mwendeshaji asiyeweza kutembea hubaki pale pale ilipokwama. Kwa sababu hiyo chombo, njia, majira, mwelekeo wa safari na wenzi wa njiani huamuliwa kwa makini kabla ya kuondoka. Nchini Tanzania jambo hilo linaonekana wazi katika mkoa wa Katavi, ambako barabara zinazofika Mpanda hupita katika misitu mirefu yenye vijiji vichache, na mojawapo hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi.

Istilahi

Katika Kiswahili cha zamani watu wenye ulemavu waliitwa kwa majina kama kiwete, kipofu na kiziwi. Majina hayo yana umbo la ngeli ya KI-VI, ambayo aghalabu ni ya vitu, na wengi huyaona kuwa yanashusha hadhi ya mtu. Siku hizi sheria na vyombo vya habari vya Tanzania hutumia "mtu mwenye ulemavu", na "mtu mwenye ulemavu wa viungo" kwa anayehusika na makala hii.

Chombo cha kukalia kinachosukumwa kwa kuzungusha magurudumu huitwa kiti mwendo, au kiti cha magurudumu. Chombo kirefu zaidi chenye mnyororo na pedali za kuzungushwa kwa mikono huitwa baiskeli ya magurudumu matatu, na pengine baiskeli ya mkono. Watu wengi huita vyombo vyote viwili "baiskeli" tu, lakini kwa msafiri tofauti yake ni kubwa: kiti mwendo hufaa ndani ya nyumba na kwa mwendo mfupi, baiskeli ya mkono ni ya barabarani.

Aina za baiskeli

Hakuna baiskeli moja inayomfaa kila mtu. Aina zinazotumika zaidi katika safari ndefu ni hizi:

Baiskeli ya mkono ya kuketi. Ina magurudumu matatu. Katika muundo wa kawaida mikono huzungusha pedali zilizo mbele ya kifua, na mnyororo hupeleka nguvu kwenye gurudumu la mbele, ambalo ndilo pia la kuongozea. Hutumiwa na watu waliopooza miguu kwa polio au kwa kuumia uti wa mgongo.

Baiskeli ya mkono ya kulala. Mwendeshaji hulala chali au nusu chali, karibu sana na ardhi. Hukata upepo vizuri na ni ya kasi, lakini haionekani kwa urahisi na madereva wa malori.

Baiskeli ya mkono ya kupachika. Ni gurudumu moja lenye usukani na pedali ambalo hufungwa mbele ya kiti mwendo. Msafiri akifika hulifungua, akaingia ndani kwa kiti chake. Udhaifu wake ni kwamba uzito mwingi hubaki nyuma, hivyo gurudumu la mbele huteleza kwenye kokoto.

Baiskeli ya magurudumu matatu ya miguu. Humfaa mtu mwenye nguvu ya miguu lakini asiye na mizani ya mwili, kwa mfano mwenye mtindio wa ubongo.

Baiskeli ya kawaida iliyorekebishwa. Mtu aliyekatwa mguu mmoja anaweza kuendesha kwa mguu uliobaki au kwa mguu bandia. Aliyekatwa mkono huhamishiwa breki zote upande mmoja.

Baiskeli ya watu wawili. Mmoja hukaa mbele na kuongoza, wa pili hukaa nyuma na kusaidia kukanyaga. Hutumiwa hasa na wasioona.

Aina zote hizi zinaweza kuongezewa mota ya umeme. Mota husaidia sana milimani, kwa kuwa misuli ya mikono ni midogo kuliko ya miguu na huchoka mapema. Hata hivyo betri ni nzito na huhitaji umeme kila jioni.

Historia

Mojawapo ya vyombo vya mwanzo vya aina hii vinavyojulikana kilitengenezwa mwaka 1655 na Stephan Farffler, fundi saa wa Altdorf karibu na Nürnberg, Ujerumani. Farffler, aliyekuwa na ulemavu wa miguu, alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu kilichosogea kwa kuzungusha mpini kwa mikono. Baiskeli yenyewe ilikuwa haijabuniwa bado. Kwa hiyo mashine ya mkono ilitangulia ile ya miguu kwa zaidi ya miaka 150.

Katika karne ya 20 vita na polio viliongeza mahitaji ya vyombo hivyo. Mbio za baiskeli ziliingia katika Michezo ya Paralimpiki mwaka 1984, na baiskeli ya mkono ikaongezwa katika michezo ya Athens mwaka 2004. Katika mashindano hayo waendeshaji hupangwa kwa herufi: H kwa baiskeli za mkono, T kwa magurudumu matatu ya miguu, C kwa baiskeli za kawaida na B kwa wasioona wanaoendesha na rubani. Ushindani huo ulileta fremu nyepesi, gia nyingi na breki bora, ambazo baadaye ziliwafaa pia wasafiri wa masafa marefu.

Afrika Mashariki na Kongo

Afrika Mashariki baiskeli ya mkono imejulikana zaidi kama chombo cha kazi kuliko cha utalii. Katika mpaka wa Goma na Gisenyi, kati ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda, na vilevile katika mpaka wa Busia kati ya Kenya na Uganda, watu wenye ulemavu wamejipatia riziki kwa kuvusha bidhaa juu ya baiskeli za magurudumu matatu zenye nafasi kubwa ya mizigo. Huko Kinshasa wanamuziki wa kundi la Staff Benda Bilili, ambao kadhaa wao waliugua polio, walijulikana duniani pamoja na baiskeli zao za magurudumu matatu.

Mifano hii inaonyesha kwamba ujuzi wa kubeba uzito mkubwa kwa nguvu ya mikono, kujenga fremu imara kwa chuma cha kawaida na kuitengeneza barabarani si mgeni katika eneo hili.

Utengenezaji wa vifaa una vituo vyake. Nchini Kenya, Chama cha Watu wenye Ulemavu wa Viungo, kinachojulikana kwa kifupi cha APDK, kina karakana, pamoja na kituo cha Bombolulu mjini Mombasa. Nchini Tanzania, chuo cha TATCOT kilichopo KCMC mjini Moshi kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981, na hospitali ya CCBRT mjini Dar es Salaam hutoa huduma za utengamao.

Wasafiri mashuhuri

Emmanuel Ofosu Yeboah wa Ghana, aliyezaliwa mwaka 1977 akiwa na ulemavu wa mguu wa kulia, aliendesha baiskeli mamia ya kilomita kuvuka nchi yake kwa mguu mmoja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lengo lake lilikuwa kuonyesha kwamba mtu mwenye ulemavu si lazima awe ombaomba. Maisha yake yalisimuliwa katika filamu ya Emmanuel's Gift ya mwaka 2005. Mwaka 2006 Ghana ilipata sheria ya watu wenye ulemavu, ambayo yeye alikuwa mmoja wa waliyoipigania.

Karen Darke wa Uingereza alipooza miguu mwaka 1993 baada ya kuanguka alipokuwa akipanda miamba. Mwaka 1997 alisafiri kwa baiskeli ya mkono kupitia milima ya Asia ya Kati hadi Pakistan. Baadaye alishinda medali ya fedha katika Paralimpiki ya London mwaka 2012 na ya dhahabu Rio de Janeiro mwaka 2016.

Chris Waddell wa Marekani, aliyepooza kwa ajali ya kuteleza thelujini mwaka 1988, alifika kilele cha Kilimanjaro mwezi Septemba 2009 kwa chombo cha magurudumu manne kinachozungushwa kwa mikono. Kwenye sehemu fupi ya mawe makubwa ilibidi abebwe na wapagazi, jambo ambalo hakulificha.

Douglas Sidialo wa Kenya alipoteza uwezo wa kuona katika shambulio la bomu dhidi ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998. Ulemavu wake ni wa macho, si wa viungo, lakini yeye ni mmoja wa wasafiri wanaojulikana zaidi wa Afrika Mashariki: alipanda Kilimanjaro na kuendesha baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town.

Kinachofanana katika maisha ya watu hawa ni kwamba hakuna aliyesafiri peke yake kabisa. Rubani wa mbele, mpagazi, fundi au rafiki mwenye gari alikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Maandalizi

Chombo na matengenezo

Baiskeli ya safari haichaguliwi kwa wepesi tu, bali pia kwa urahisi wa kutengenezwa njiani. Fremu ya chuma huweza kuchomelewa katika karibu kila mji mdogo wenye umeme. Fremu ya aluminiamu huhitaji mashine na fundi wa pekee. Maduka ya vijijini Tanzania huuza zaidi matairi na tyubu za inchi 26 na 28. Baiskeli yenye magurudumu ya vipimo vingine hulazimu kubeba akiba ya kutosha.

Vifaa vya lazima ni pampu, viraka na solusheni, spoku za akiba, kipande cha mnyororo, nyaya za breki, spana na mafuta. Baiskeli ya magurudumu matatu hupita njia tatu barabarani kwa wakati mmoja, hivyo nafasi ya kuchomwa na mwiba ni kubwa kuliko ya baiskeli ya kawaida. Ni vizuri ekseli za nyuma ziwe za aina inayoruhusu kutoa tairi bila mwendeshaji kushuka, au kwa kuinua upande mmoja tu kwa jiwe.

Gia ndogo ni muhimu kuliko kasi. Baiskeli nyingi za mkono zinazotengenezwa nchini zina gia moja, ambayo hutosha mjini lakini hushindwa kwenye mwinuko mrefu. Tena, zile zinazovutwa na gurudumu la mbele huteleza zinapopanda mlima wa changarawe, kwa sababu mteremko hupeleka uzito nyuma. Mizigo ikifungwa karibu na gurudumu la mbele tatizo hupungua.

Kwenye mteremko tatizo huwa breki. Chombo chenye mtu na mizigo huongeza kasi haraka, na mwendeshaji wa mkono hawezi kuweka mguu chini ili kujiokoa. Breki mbili zinazofanya kazi kila moja peke yake, pamoja na kifungio cha kuegeshea, ni za lazima.

Masafa ya siku

Mpango wa safari hufanywa kwa kuhesabu mwendo halisi wa msafiri, ambao hupimwa katika mazoezi akiwa na mizigo yote. Kwa mfano, anayekwenda kilomita 8 kwa saa na kukaa barabarani saa 5 kwa siku husafiri kilomita 40. Saa nyingine za mchana hutumika kupumzisha mwili, kukwepa jua kali, kula na kutafuta malazi. Hesabu hiyo ndiyo huonyesha kama kijiji cha kulala kipo ndani ya uwezo wake au nje.

Afya

Mtu asiye na hisia miguuni au makalioni hasikii maumivu yanayomwonya mwingine abadili mkao. Akikaa kwa muda mrefu damu haipiti vizuri na hupata vidonda vya mgandamizo, ambavyo vinaweza kuchukua miezi kupona. Kinga ni mto mzuri wa kukalia, kujiinua kwa mikono kila baada ya robo saa hadi nusu saa, na kukagua ngozi kila jioni kwa kioo au kwa msaada wa mwenzi. Wekundu au weusi usioondoka baada ya kupumzika ni ishara ya kusimamisha safari, si ya kuvumilia.

Waliojeruhiwa sehemu ya juu ya uti wa mgongo huwa na matatizo mawili zaidi. La kwanza ni kwamba mwili hautoi jasho vizuri, hivyo joto hupanda upesi; kujimwagia maji na kusafiri alfajiri husaidia. La pili ni kupanda kwa ghafla kwa shinikizo la damu kunakosababishwa na jambo dogo kama kibofu kujaa, mpira wa mkojo kujikunja au mkanda kubana. Dalili kubwa ni kichwa kuuma sana. Mgonjwa huketishwa wima mara moja, nguo hulegezwa, mpira wa mkojo hukaguliwa, na hupelekwa hospitali kama hali haishuki. Anayetumia baiskeli ya kulala lazima awe na mwenzi anayeijua hatua hiyo ya kwanza.

Anayetumia mpira wa mkojo huhitaji maji safi ya kunywa na ya kunawa kila siku, kwa kuwa kupunguza kunywa ili kukwepa usumbufu wa choo huleta maambukizi. Aliyekatwa kiungo hulazimika kukausha jasho ndani ya kiungo bandia mara kwa mara. Kwa waendeshaji wote wa mkono mabega ndiyo hubeba safari nzima. Yakiumia, mtu hupoteza pamoja na baiskeli uwezo wa kujihamisha kitandani na chooni. Ndiyo maana siku za mapumziko hupangwa hata kama msafiri hajachoka.

Mkoa wa Katavi

Katavi ni mkoa wa magharibi mwa Tanzania ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kugawa mkoa wa Rukwa. Makao makuu yake ni Mpanda. Katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na wakazi 1,152,958. Miongoni mwa wenyeji wake ni Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, pamoja na Wafipa na Wasukuma wengi waliohamia. Makazi ya Katumba na Mishamo yalianzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, na wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Vijijini baiskeli hubeba maji, mkaa, mahindi na abiria, kwa hiyo fundi baiskeli ni rahisi kupatikana palipo na watu.

Polio bado ina historia ya karibu katika ukanda huu. Mwaka 2023, baada ya kisa kugunduliwa mkoani Rukwa, chanjo ilitolewa mwezi Septemba kwa watoto wenye umri chini ya miaka 8 katika mikoa sita, Katavi ukiwa mmojawapo.

Majira

Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Wakati huo njia za udongo hugeuka tope, ambalo baiskeli ya mkono haiwezi kulipita bila kusukumwa. Miezi ya Mei hadi Agosti ni mikavu na yenye ubaridi kiasi asubuhi, nayo ndiyo inayofaa zaidi. Septemba na Oktoba ni vipindi vya joto kali, vumbi na moshi wa mbuga zinazochomwa.

Njia ya Tabora

Barabara ya Tabora hadi Mpanda ina urefu wa zaidi ya kilomita 340. Hupita Sikonge na Ipole, kisha eneo la mto Koga, kabla ya kufika wilaya ya Mlele ambayo makao makuu yake ni Inyonga. Kuwekwa lami kumeibadilisha kabisa: zamani magari yenyewe yalikwama masika. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa siku huchukua siku 9. Ugumu wake si milima bali ni misitu ya miombo, ambamo umbali kati ya kijiji na kijiji unaweza kuzidi uwezo wa siku moja. Msafiri wa mkono hupaswa kuwa na gari la kumfuata, au kuagana mapema na dereva wa kumchukua jioni na kumrudisha asubuhi mahali alipoachia.

Njia ya Sumbawanga

Kutoka Mpanda hadi Sumbawanga ni takriban kilomita 240. Mpanda iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na Sumbawanga iko juu ya mita 1,700. Kati yake kuna ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ambako barabara hupanda kwa nguvu kutoka bonde la Katavi kuelekea nyanda za Ufipa. Kwa mwendeshaji wa kawaida mwelekeo ni suala la hiari. Kwa mwendeshaji wa mkono, kuanzia Sumbawanga na kushuka kuelekea Mpanda ni safari inayowezekana, ilhali kupanda huenda kukahitaji mota au gari. Anayeshuka naye hupaswa kupoza breki kwa vituo vifupi.

Sitalike, kilomita 35 hivi kusini mwa Mpanda, ni kijiji kilicho kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ni safari ya siku moja inayofaa kwa majaribio: kuna lami, kuna malazi, na viboko huonekana katika mto Katuma karibu na kijiji.

Ndani ya hifadhi

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974 na ina eneo la kilomita za mraba 4,471. Inajulikana kwa makundi makubwa ya nyati, viboko na mamba, hasa kiangazi mto Katuma na mabwawa ya Katavi na Chada yanapokauka. Simba, tembo na nyati ni hatari kwa mtu aliye juu ya baiskeli, na zaidi kwa asiyeweza kukimbia wala kupanda mti. Msafiri huuliza utaratibu kwa askari wa hifadhi Sitalike kabla ya kuingia, na busara ni kuipita sehemu hiyo ndani ya gari. Kukatiza mstari wa safari kwa kilomita chache hakupunguzi thamani yake.

Kero nyingine ni mbung'o. Mdudu huyu huvutwa na kitu kinachotembea na rangi nyeusi na buluu, na anaweza kueneza malale. Asiye na hisia miguuni huumwa bila kujua, kwa hiyo suruali ndefu ya kitambaa kizito na ya rangi hafifu, kama ya udongo, ni kinga muhimu. Homa inayofuata baada ya safari hupaswa kuelezwa hospitali pamoja na mahali msafiri alipopita.

Njia ya Karema

Karema iko kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa Mpanda. Usawa wa ziwa ni mita 773 hivi, kwa hiyo msafiri hushuka zaidi ya mita 300 kwa ujumla, ingawa hupanda vilima njiani. Barabara hii kwa muda mrefu ilikuwa ya udongo na changarawe, na hali yake hubadilika kwa majira. Kabla ya kuondoka, madereva wa Mpanda ndio wa kuulizwa, tena swali liwe "kuna mchanga au tope wapi?" badala ya "njia ni nzuri?", kwa kuwa njia nzuri kwa gari huenda isiwe nzuri kwa gurudumu jembamba.

Reli na mabasi

Tawi la reli la Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa takriban kilomita 210, lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda na kukamilika mwaka 1950. Treni hufaa kwa kusafirishia baiskeli kubwa, lakini ngazi za mabehewa ni za juu na msafiri hulazimika kubebwa. Katika mabasi baiskeli hufunguliwa magurudumu na kuwekwa chini ya basi. Inafaa msafiri mwenyewe asimamie ufungaji, kwani pedali iliyopinda huweza kumaliza safari kabla haijaanza.

Malazi

Nyumba nyingi za wageni katika miji midogo zina milango myembamba, vizingiti na vyoo vya kuchuchumaa. Msafiri hupiga simu mapema na kuuliza mambo matatu: upana wa mlango, idadi ya ngazi na aina ya choo. Wengine hubeba kiti chepesi chenye tundu la kuwekwa juu ya choo, na ubao mfupi wa kuvukia kizingiti.

Msaada wa watu njiani

Vijijini watu huwa wepesi kumsukuma mtu mwenye ulemavu bila kuulizwa. Nia ni njema, lakini kusukuma baiskeli ya mkono kwa ghafla huzungusha pedali na kuweza kuumiza mikono ya mwendeshaji, au kumtoa barabarani. Anayetaka kusaidia husalimia kwanza, kisha huuliza ashike wapi. Msafiri naye hupaswa kueleza kwa maneno machache sehemu ya fremu isiyovunjika. Wengi humdhania anaomba fedha. Anapoeleza kwamba anatoka Tabora au Sumbawanga, mazungumzo hubadilika.

Haki na sheria

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 20 inahusu uwezo wa mtu kwenda atakako kwa namna na wakati autakao, pamoja na kupata vifaa bora. Ibara ya 30 inahusu utamaduni, burudani, michezo na utalii. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Vyama vya watu wenye ulemavu nchini, kikiwemo CHAWATA, vimeunganishwa katika shirikisho la SHIVYAWATA.

Kwa msafiri sheria hizi huwa na maana pale zinapogeuka kuwa mlango mpana, choo cha kukalia, ukingo wa barabara wenye lami na baiskeli yenye gia. Mkoani Katavi lami imefungua njia ambazo zamani hazikupitika kwa nguvu ya mikono. Kinachobaki kuamua mtu afike wapi ni chombo alichonacho, kwa kuwa mwenye gia moja na breki moja huishia mlima wa kwanza, hata kama mikono yake ina nguvu.